Kutoka saundiba ya 2.1 hadi spika tano: kilichonisaidia na kisichonisaidia

"Amesema nini?" Mama aliniuliza hivyo kila tulipokaa kuangalia filamu. Naongeza sauti asikie mazungumzo, dakika mbili baadaye gari linalipuka, anaziba masikio, napunguza. Filamu nzima rimoti haitoki mkononi. Wakati huo tulikuwa na saundiba ya 2.1, upau mmoja wa spika unaokaa chini ya TV, na sikujua hata tarakimu hizo zina maana gani. Leo, miaka miwili baadaye, sebuleni pana risiva (kifaa kinachopokea sauti ya TV na kuziendesha spika), spika tano na sabufa moja, yaani spika ya besi. Nimeona nieleze kila kifaa kimetufanyia nini, maana nilipoanza nilitamani sana mtu anieleze hivyo.

Saundiba siisemi vibaya. Spika za ndani ya TV bapa hutazama chini au nyuma, na upau ule uliotutazama sisi ulikuwa hatua kubwa. Ila 2.1 ni kushoto, kulia na besi, basi. Kwenye filamu iliyochanganywa kwa 5.1, yaani chaneli tano na moja ya besi, mazungumzo karibu yote hukaa kwenye chaneli ya kati. Saundiba isiyo na spika ya kati huyachukua maneno hayo na kuyagawa kushoto na kulia, palepale panapotoka muziki, mvua na milipuko. Ndiyo sababu kuongeza sauti hakukumsaidia Mama. Kila kitu kilipanda pamoja.

Kwa hiyo sikununua seti nzima kwa mkupuo. Nilianza na risiva na spika tatu za mbele: mbili za rafuni na moja ya kati, zote za familia moja ili sauti ya mtu isibadilike akitembea toka upande mmoja wa kioo hadi mwingine. Risiva yenyewe ina chaneli 7, wati 80 kila moja kwenye spika za omu 8. Nilikuwa karibu kuchukua seti nyingine iliyoandikwa wati 1,000 kwenye boksi, na nafurahi sikuichukua. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Spika yenye usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoa kwa wati moja, wa desibeli 90 badala ya 87 inakupa faida ileile ya kuongeza amplifaya maradufu, bila joto wala gharama ya umeme. Angalia namba hiyo kabla ya wati.

Siku ya kwanza nilivunjika moyo. Muziki ulisikika umetapanyika ukutani, hauna katikati, na besi imekonda. Nilidhani nimeuziwa spika mbovu. Kumbe kwenye spika ya kushoto nilikuwa nimebadilisha nyaya, chanya kwa hasi, koni moja (ile sehemu ya spika inayotetemeka) inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Siku hizi kabla ya kufunga waya kwenye risiva naugusisha kwenye betri ya volti 1.5 mara moja tu. Koni ikiruka mbele, najua chanya imefika kwa chanya. Na waya uwe shaba tupu. Kuna ule wa alumini uliopakwa shaba, unang'aa vizuri lakini unapitisha umeme kwa shida zaidi. Mimi nilitumia wa milimita za mraba 2.5, na kwa sebule ya kawaida huhitaji waya wa kifahari kuliko huo.

Spika ya kati ilikuwa chini ya TV, imesukumwa ndani ya rafu. Maneno yalisikika kama mtu anayeongea ndani ya kabati. Niliivuta mpaka uso wake ukawa sawa na ukingo wa rafu, nikaweka vipande viwili vya mpira chini ya mbele yake ili itazame masikio yetu badala ya magoti, kisha kwenye risiva nikaipandisha desibeli 2. Usiku wa tatu filamu iliisha na Mama hakuuliza kitu. Katika yote niliyonunua, hii ndiyo ningeinunua tena kwanza bila kufikiri.

Mpangilio mmoja wa TV ulinipotezea wiki. Waya wa HDMI ulikuwa kwenye tundu la ARC, lile linalorudisha sauti ya TV kwenye risiva, kama inavyotakiwa, lakini risiva iliendelea kuonyesha stirio tu, yaani kushoto na kulia. Ndani ya menyu ya sauti ya TV, utoaji wa kidijitali ulikuwa umewekwa PCM, yaani TV inaifungua sauti yenyewe kabla ya kuituma. Nilipoubadilisha kuwa bitistrimu, sauti ipite kama ilivyo na risiva ndiyo iifungue, 5.1 ikatokea papo hapo. ARC hii ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009 na Dolby Digital ya 5.1, sauti iliyobanwa, inapita bila shida. eARC, iliyokuja na HDMI 2.1 mwaka 2017, inafungua njia ya sauti zisizopunguzwa chochote kama Dolby TrueHD. Kwa filamu ninazozitazama mtandaoni, sijaona sababu ya kubadilisha TV kwa ajili hiyo.

Sabufa nayo ina habari ndefu. Ni ya inchi 10, ina amplifaya yake ndani, na nilipoiwasha mara ya kwanza niliiona haina kazi. Nikisimama mlangoni, ukuta unatetemeka. Nikikaa kwenye kochi, kimya. Ilinibidi nijifunze chumba changu. Kina urefu wa mita 4.3. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 8.6, na nusu yake inaingia barabara kati ya ukuta wa mbele na wa nyuma. Wimbi la namna hiyo hujazana kwenye kuta na kupotea katikati. Kochi letu lilikuwa katikati kabisa. Hakuna sabufa, hata ya bei gani, ambayo ingeniponyesha pale. Nilirudisha kochi nyuma sentimita 60, besi ikarudi.

Kisha nikafanya zoezi ambalo kila anayeanza anapaswa kulifanya. Nilibeba sabufa nikaiweka juu ya kochi, mahali ninapokaa, nikapiga kipande chenye besi ya taratibu inayopanda na kushuka, halafu nikatambaa kandokando ya kuta huku nikisikiliza. Mahali besi iliposikika sawasawa, bila noti moja kuvimba kuliko nyingine, ndipo nilipoiweka sabufa. Kwangu palikuwa kando ya spika ya kulia, siyo kwenye kona. Kona iliipa nguvu nyingi zaidi, lakini besi yote ilivuma kama noti moja.

Baada ya hapo ndipo nilipotumia maikrofoni iliyokuja na risiva. Iweke kwenye stendi ya kamera, kimo cha masikio, wala siyo juu ya mto wa kochi, na nyumba iwe kimya. Risiva inapiga milio, inapima umbali na ukubwa wa sauti, na inachelewesha spika zilizo karibu ili zote zifike pamoja. Kila mita ni kama milisekunde 3. Ilifanya kazi nzuri, isipokuwa iliziandika spika zangu za mbele kuwa "kubwa" na kuzitwisha besi yote. Nilizirudisha kuwa "ndogo", nikaweka mpaka kwenye hezi 80, chini ya hapo kazi ya sabufa. Mara moja spika za mbele zikatulia, hata sauti za watu zikawa safi zaidi.

Spika mbili za pembeni zilikuja mwisho. Ziko nyuma kidogo ya masikio, digrii kama 110 kutoka katikati ya kioo, zimeinuka juu ya vichwa vyetu kidogo. Mvua inakuzunguka, ndege anapita juu ya bega. Ni raha, lakini zinaweza kusubiri.

Malalamiko yangu ni juu ya risiva. Inapata joto sana, inahitaji nafasi wazi juu yake, na menyu zake zimeandikwa kana kwamba msomaji ni fundi. Naipa nyota nne kati ya tano. Spika ya kati, tano.

Risiva bado ina chaneli mbili tupu, na kila mtu ananiambia nifunge spika za darini kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti zinazotoka hata juu. Zitangoja. Mama hukaa upande wa kushoto wa kochi, na nilipopima pale, besi ilikuwa hafifu kuliko kwenye kiti changu. Sabufa ya pili kwenye ukuta unaotazamana na wa kwanza husawazisha tofauti za namna hiyo kati ya kiti na kiti, kwa hiyo ndiyo ninayoiwekea akiba. Katikati ya ukuta wa nyuma nimeshachora kwa chaki mahali itakapokaa.