Nilikwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia nikiwa siumwi popote

"Mama, unaumwa wapi?" dada wa mapokezi aliniuliza, kalamu mkononi. Nikamjibu siumwi popote. Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akairudia fomu. Ilikuwa na nafasi ya kuandika kiungo kinachouma, ila mtu asiyeumwa hakuwekewa nafasi. Mwishowe akaandika "mgongo". Sikubishana naye.

Kliniki hii naipa nyota nne, na ile ya tano ilidondoka palepale mapokezi. Ukitangaza huduma ya kinga, jua kumpokea mtu asiye mgonjwa.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 52, na 27 kati ya hiyo nimeimaliza nikiwa nimeinamia mashine. Kilichonipeleka si shingo yangu, ni ya mwalimu wangu. Fundi aliyenifundisha kazi, siku hizi ukimwita kwa nyuma hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima kama mlango. Nikasema bora niende mapema.

Mtaalamu hakunilaza kitandani. Alianza na maswali: nakaa saa ngapi bila kuinuka, usingizi wangu ukoje, nyumbani kwetu kuna presha au sukari, lini mara ya mwisho nilitembea mpaka jasho likanitoka. Akanipima presha, ikasoma 142 kwa 90. Akaniambia nikamwone daktari, kwa kuwa dawa si kazi yake. Hilo nililipenda, wapo wanaotaka kutibu kila kitu wao wenyewe.

Kisha akanivutia kiti. Mikono kifuani, simama, kaa, simama, kaa, kwa sekunde 30. Nilifika mara 12 huku nahema, nikajiona shujaa, mpaka aliponionyesha jedwali: 12 ndicho kiwango cha chini cha kawaida kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64. Kwa mguu wa kushoto peke yake nikasimama sekunde 7, nikadaka ukuta. Mimi ambaye kutwa futi iko shingoni nikiwapima watu viuno na mabega, sikuwahi kupimwa nguvu za miguu hata siku moja. Na miguu, alivyonieleza, ina kazi kubwa ya kumzuia mtu asianguke uzeeni. Misuli huanza kupungua taratibu tangu miaka ya thelathini, na asiyeitumia hana habari mpaka siku ngazi zimshinde.

Halafu akaniomba nimwonyeshe ninavyokaa kazini. Nilitegemea kusikia "kaa wima, mama". Wapi! Akasema hata ukikaa wima, saa tatu mfululizo zitakuchosha. Tatizo ni kuganda mahali pamoja. Akauliza pasi naiweka wapi. Pembeni ya mashine, nikamwambia, hata sinyooshi mkono. "Ihamishie ukuta wa pili."

Anayeshona anajua maana yake: kila mshono unaotaka pasi sasa unaniinua kitini. Siku ya kwanza wanafunzi wangu walicheka. Siku ya tatu mmoja akaanza kunung'unika kwamba miguu inamuuma, na huyo ana miaka 19.

Kuhusu kutembea alinipa kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi. Nitajuaje kuwa mwendo ni wa wastani? Uweze kuzungumza lakini ushindwe kuimba. Kwa kuwa naimba nikishona, kipimo hicho kilinikaa vizuri. Nikiweza kumaliza ubeti, naongeza hatua.

Sasa malalamiko. Nilipewa karatasi ya mazoezi tisa, yenye michoro ya kijana asiye na tumbo. Tisa! Wiki mbili sikugusa hata moja. Nilipokiri, mtaalamu alicheka, akafuta sita kwa kalamu na kuacha matatu: kusimama na kukaa kitini, kuinuka kwa vidole vya miguu, na kusukuma ukuta. Hayo nayafanya nikisubiri pasi ipate moto. Alinionya nisiongeze kwa pupa, maana misuli hupata nguvu mapema kuliko kano, na hapo ndipo wengi hujiumiza. Kwa nini hakuanza na hayo matatu, sijui.

Ziara nyingine nilipokewa na mtu mwingine, dakika 15 tu, hakunipima chochote. Akaniuliza kama nataka kuwekewa mashine ya umeme mgongoni. Kwa maumivu gani? Yale ya kwenye fomu, bila shaka. Nikamshukuru, nikaondoka. Ukienda, omba uonwe na yuleyule aliyekupima mwanzo, vinginevyo mnaanza upya.

Baada ya wiki 12 nilirudi kwenye kile kiti. Mara 16. Mguu wa kushoto, sekunde 21. Presha anaifuatilia daktari. Jioni bado nachoka, siwezi kuwadanganya, ila nainuka kwenye mashine bila kujishikilia meza.

Wiki ijayo nampeleka mwalimu wangu. Yeye dada wa mapokezi hatahangaika naye. Nafasi kwenye fomu huenda isitoshe.