Chapa za waigizaji wa zamani: Irving yuko koridoni, Aldridge ilibidi nimnunue mara mbili

Kazi yangu ni kutia picha fremu, kwa hiyo picha yoyote ikinifikia mkononi naitazama mgongo kwanza, uso baadaye. Mazoea hayo yameniokolea pauni 55.

Niliagiza mtandaoni chapa, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, ya Ira Aldridge, yule mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York aliyecheza Othello pale Covent Garden, London, mwaka 1833, baada ya Edmund Kean kuanguka jukwaani akiwa kwenye nafasi hiyohiyo. Muuzaji aliapa ni chapa halisi ya Tallis, mchapishaji wa London, ya miaka ya 1850. Ikafika. Usoni kahawia ya chai, mgongoni nyeupe pe! Karatasi gani inazeeka upande mmoja? Nikaiwekea lenzi: vitone vimejipanga sawasawa kama askari wa gwaride, kuanzia paji la uso mpaka ukingo. Hiyo ni kazi ya mashine ya juzi. Chapa ya bamba la chuma, kama za Tallis, ina mistari iliyochongwa na nukta zilizodungwa kwa mkono, hii nene, ile nyembamba, na kwenye mikunjo ya nguo mistari inazidi kusongamana. Barua pepe nne na siku kumi na moja ndipo pesa zikarudi. Nyota moja, nayo ni kwa sababu sifuri hairuhusiwi.

Jumamosi nikaenda mwenyewe Cecil Court, kile kichochoro cha wauza vitabu karibu na Leicester Square. Mzee wa duka nililoingia hakununa nilipoomba kuitoa picha kwenye nailoni na kuigeuza, alinisogezea taa. Hapo tu alishapata nyota tatu.

Kwake nilianza na Henry Irving, mwigizaji Mwingereza, aliyetoka kwenye jarida la Vanity Fair la tarehe 19 Desemba 1874. Mchoraji ni Carlo Pellegrini, aliyetia saini kama Ape, na chini pameandikwa "The Bells", tamthilia iliyompa Irving jina pale Lyceum, ukumbi wa maigizo wa London, mwaka 1871. Ni kikatuni, lakini cha mtu anayemjua anayemchora. Ni litografia ya rangi, yaani picha iliyochapwa kutoka kwenye jiwe: kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na ukitazama kwa lenzi unaona chembechembe zisizo na mpangilio, kama mchanga uliomwagika. Ukingo wa kushoto una matundu ya uzi yaliyobaki ilipokuwa imeshonwa jaridani. Wateja wangu huniomba niyafiche. Mimi nimeyaacha yaonekane. Pauni 40, sina kinyongo.

Halafu mzee akanitolea Aldridge kwenye droo ya chini. Pauni 70. Yupo kama Aaron, yule Mwafrika wa Titus Andronicus. Aldridge aliifanyia mabadiliko tamthilia hiyo mpaka Aaron, ambaye kwa Shakespeare ni mwovu wa kutupwa, akawa shujaa. Mchongaji alifuata picha ya daguerreotype, aina ya mwanzo ya picha za kamera, iliyopigwa na Paine wa Islington, London, na inaonekana: huyu ni mtu aliyesimamishwa mbele ya kamera akaambiwa asitikisike, si mtu aliyekatizwa katikati ya maneno yake. Mkao ni mkavu kidogo. Uso, lakini, nimeutazama jioni tatu mfululizo.

Kasoro zipo. Madoa ya kahawia manne juu ya kichwa, yale ya unyevu, na hayo naweza kuishi nayo. Kinachoniuma ni kwamba fundi mwenzangu fulani, zamani sana, alikata ukingo wa chini ili picha ienee kwenye fremu aliyokuwa nayo tayari, akaondoka na jina la mchapishaji. Fremu hutengenezwa kwa kipimo cha picha, jamani! Nyota nne, ya tano akaulizwe fundi huyo huko aliko.

Ukinunua, usiruhusu kioo kigusane na karatasi, na usitumie seloteipu hata kipande. Mimi nashikiza kwa karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, kwenye kadibodi isiyo na asidi. Irving nimemweka koridoni, pasipo na dirisha, maana rangi zake zinaogopa jua. Aldridge ni wino mweusi mtupu, anahimili mwanga zaidi, kwa hiyo binti yangu amempa ukuta wa sebuleni, na televisheni imehamishwa.