Miezi minane na taa ya kazi ya kuchaji: mwanga upo, bawaba hamna

Nianze na bawaba manake ndo iliyonifanya nikae chini niandike hii. Taa yenyewe ni zile za kukunja, mnazijua, kipande cha chini ndo mpini na kina sumaku kwenye kitako, kipande cha juu ndo chenye mwanga, unakiinua kinasimama kwa pembe unayotaka, au ndivyo inavyotakiwa. Yangu mwezi wa kwanza ilisimama kama askari wa gwaride. Mwezi wa tatu ikaanza kusinzia. Unaibandika chini ya boneti, unaielekeza kwenye plagi ya silinda ya mwisho kule nyuma kabisa, unaingiza mikono yote miwili, na kichwa kinashuka taratiiibu kama cha abiria wa basi la usiku, mpaka unajikuta unatafuta nati kwa kupapasa huku taa inamulika viatu vyako.

Jina lake silitaji, na hata nikilitaja halitakusaidia sana kwa sababu hizi zinatoka na majina kumi tofauti ila mwili ni uleule. Mbele ina ukanda mmoja mrefu wa LED, ule wa njano ambao chembe zake zote zimefunikwa pamoja, kwenye ncha kuna tochi ndogo, mgongoni ndoano, kitufe kimoja tu, na ndani betri moja ya lithiamu ya 18650 (hiyo namba isikutishe, ni vipimo tu, milimita 18 unene na 65 urefu).

Basi bawaba ilipoanza kulegea nikakaza skrubu, ikakaa wiki moja, ikalegea, nikakaza tena, plastiki ikapasuka kaufa. Hapo nikaona liwalo na liwe, nikaifungua yote, na ndo nikaelewa. Kwanza inashika kwa msuguano peke yake, plastiki juu ya plastiki, hakuna meno ya kuingiliana, hakuna springi, hakuna hata washa ya chuma. Pili, na hii iliniuma zaidi, betri wameiweka kwenye kichwa! Betri ya namna hii ina gramu 45 hivi au zaidi kidogo, ndo kitu kizito kuliko vyote humo ndani ukiacha sumaku, na wameipandisha juu ikae inaivuta bawaba kila sekunde taa ikiwa imesimama. Wangeiweka kwenye mpini, jirani na sumaku, kichwa kingebaki na LED na kibati chake tu na hata hiyo bawaba dhaifu ingevumilia miaka. Aliyeichora hii taa nahisi aliichora ikiwa imelala mezani.

Kwenye mwanga sina ugomvi naye sana. Waliokulia kwenye ile taa ya kizimba, balbu ndani ya wavu wa chuma na waya mrefu wa kuchomeka ukutani, watanielewa. Balbu ya wati 60 inageuza kama asilimia 5 hivi ya umeme kuwa mwanga, inayobaki karibu yote ni joto, kwa hiyo ukiingia nayo uvunguni ni kama umelala na pasi ya moto. Mi alama ya ule wavu ninayo kwenye mkono wa kushoto mpaka leo. Na kuna siku maji ya rejeta yalidondokea balbu ikiwa imeshapata moto, ikapasuka pa! vioo vikaingia kwenye kola, nikashukuru ni maji, manake ingekuwa petroli ule uzi unaowaka ungeidaka kabla sijajivuta nje. Afu huo ni umeme wa ukutani jamani, umelala kwenye sakafu yenye maji, umeshika chuma kila upande, na waya umekanyagwa na jeki mara ngapi sijui. Kwenye hii ya kuchaji volti haizidi 4.2, haiwezi kukupiga shoti hata ukiishika na mikono iliyolowa, na mi naona hilo peke yake linatosha kuipeleka ile ya kizimba jalalani. Kuna na zile za katikati, za volti 12 zenye klipu za kubana kwenye betri ya gari, shoti hazina ila zina cheche pale unapobana, na betri ikiwa imetoka kuchajiwa inatoa hidrojeni ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa inaweza kulipuka. Na siku zote atatokea mtu ataibana kwenye lori la volti 24 halafu aulize mbona balbu imekufa.

Kitu kimoja tu ile ya kizimba ilituzidi nacho ni rangi. Mwanga wa balbu ya uzi unaonyesha rangi zote kama zilivyo, kwenye kipimo cha CRI unakaribia 100 kabisa. LED za bei ya chini zinacheza kwenye 70 na rangi inayoumia kwanza ni nyekundu. We unaweza kusema rangi ni mambo ya wachora picha, sawa, ila uko chini ya gari kuna tone linaning'inia na unataka kujua ni oili ya injini au ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki ambayo ni mekundu, au umefungua rundo la waya una wa kahawia na mwekundu uliopauka viko sambamba, hapo ndo utajua CRI ni nini. Hii taa kwenye boksi hawakuandika CRI, na mi nikiona haijaandikwa huwa naanza na wasiwasi, ila kwa macho yangu inajitahidi, nyekundu naiona nyekundu, na mwanga wenyewe ni mweupe wa kawaida sio ule wa kibuluu unaorudi machoni ukipiga kwenye bati lenye rangi nyeupe.

Sasa twende kwenye uongo. Boksi linasema lumeni 1000 (lumeni ndo kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa) na linasema saa 4. Chukua kalamu. Betri imeandikwa mAh 2600, yaani ampea-saa 2.6, volti 3.7, ukizidisha unapata wati-saa 9.6. LED nzuri ya kawaida tuipe lumeni 100 kwa kila wati, na hapo nimewaonea huruma. Lumeni 1000 zinataka wati 10. Kwa hiyo betri yote inaisha hata saa moja haijatimia, na hapo sijahesabu inayopotea njiani. Ukitaka saa 4 za kweli unabaki na wati 2.4, yaani lumeni 240 hivi. Hizo namba mbili haziwezi kukaa kwenye boksi moja na zote zikawa kweli kwa wakati mmoja. Wanachofanya ni hivi, taa inawaka kwa nguvu dakika za kwanza, wewe unafurahi, halafu inajishusha kidogokidogo na macho yako yanazoea hata hushtuki. Na wala sio wizi kwa mujibu wa karatasi, kipimo cha Marekani cha matochi, ANSI FL1, kinahesabu muda mpaka mwanga ubaki asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Asilimia kumi! Kwangu mimi hapo taa ilishakufa zamani.

Lakini nikwambie ukweli, lumeni 240 zinatosha kabisa kama taa iko mahali sahihi. Ukiisogeza kutoka sentimita 60 mpaka 30 mwanga unaofika kwenye nati unaongezeka karibu mara nne, bure, bila kugusa betri. Ndo maana nimeanza na bawaba na sio lumeni. Taa inayoshika pale ulipoiweka, sentimita 30 kutoka kazini na pembeni ya macho, inaipiga mbali ile ya lumeni elfu mbili iliyolala sakafuni inakumulika usoni. Watengenezaji wanashindana kwenye namba ya boksi kwa sababu bawaba haiandikiki kwenye boksi.

Sumaku wameipatia, ina nguvu, na wameivalisha mpira kwa hiyo haichuni rangi ya gari. Haina kosa lolote isipokuwa magari yenyewe yamebadilika, boneti za alumini zipo, sampu (yale mabakuli ya oili chini ya injini) za alumini zipo, nusu ya vitu vya kubandikia havishiki sumaku tena, hapo unabaki na ndoano. Na ndoano ndo wameikunja ndani ya kashimo ka kuichomoa kwa kucha, sasa we una glavu, una grisi, kucha unaitoa wapi? Mi nimeifunga kauzi ka kuivutia. Halafu usiibandike karibu na eksozi, sumaku hizi za neodimi za kawaida zikipita nyuzi 80 hivi zinaanza kupoteza nguvu na hairudi hata zikipoa.

Kitufe. Kimoja tu, na mpangilio wake ni kali, hafifu, tochi ya ncha, nyekundu ya kumweka, kuzima. Kwa hiyo nikiwasha kwa kazi ya nusu dakika lazima nipite kwenye disko ndo nizime. Ile nyekundu ya kumweka sijawahi kuitumia hata mara moja, gari likinifia barabarani pembetatu ipo na taa za hazadi zipo. Ilikuwa ni kuweka tu kwamba ukibonyeza kwa muda mrefu inazima popote ilipo, hawakuhitaji hata kuongeza waya.

Na kwenye ile hafifu kuna shida wengi hawaijui. Taa nyingi zinapunguza mwanga kwa kuzima na kuwasha LED haraka sana, jicho haligundui. Pitisha mkono mbele yake haraka, ukiona vidole vingi vilivyokatikakatika ujue ni hiyo, au iangalie kwa kamera ya simu utaona mistari. Hii yangu ina mistari. Shida ni injini ikiwa inazunguka, feni au puli ikipatana na huo mpigo inaweza kuonekana kama imesimama, au inazunguka polepole, na wewe unapeleka mkono. Waliofanya kazi kwenye mashine za kukereza chini ya zile taa ndefu za zamani wanalijua hili, kwenye umeme wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa hiyo mi injini ikiwaka natumia kali tu.

Nilivyoifungua nikaona na sababu ya kujishusha haraka. Nyuma ya ule ukanda wa LED kuna kibati kizuri cha alumini, nikasema safi, kumbe kibati kimezungushiwa plastiki pande zote hakigusi nje popote, joto linaingia halina pa kutokea. Na ile pasta ya kupitisha joto wamepaka nusu, nusu nyingine pakavu. Nimepaka yote, sasa inakaa kwenye mwanga mkali muda mrefu kidogo, sio sana.

Chaji ni taipu C ila usishangilie, inakubali tu waya wa kutoka kwenye ile USB pana ya zamani. Ukichomeka waya wa taipu C pande zote mbili kimya, haichaji, utadhani imekufa. Ni rezista mbili tu za om 5,100 hazikuwekwa kwenye bodi, bila hizo chaja haijui kama kuna kitu upande wa pili. Vitu vya kuokota kabisa hivyo.

Kioo cha mbele ni plastiki ya polikaboneti, haivunjiki hovyo, yangu imeanguka kutoka kwenye injini mara tatu na hakuna kitu. Adui yake ni dawa ya kusafishia breki. Nilipuliza kwenye kaliper, ikarukia kidogo, kesho yake kioo kimepata ukungu na vinyufa vidogo kama utando wa buibui, na hakibadilishiki kimegundishwa. Kitu cha kufanyia kazi gereji kinatakiwa kitegemee kurushiwa madawa. Na ile alama ya kinga ya IP54 mgongoni isikudanganye, 5 ni vumbi na 4 ni maji ya kurushiwa, haisemi chochote kuhusu petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, ukiwa kwenye shimo na unafungua tenki usiwashe wala kuzima taa kama hii humo, zipo zilizotengenezwa maalum kwa mazingira ya kulipuka na hii sio mojawapo.

Nyota tatu kwa tano. Ingekuwa mbili, ila bawaba nimeitengeneza mwenyewe, nimetoboa pale palipopasuka, nikapitisha bolti ya milimita 5 na washa ya springi na nati ya kujikaza, na betri nimeiacha kichwani manake kuihamisha ni kazi ya kuchonga mpini upya. Imekuwa na sura mbaya, bolti imetokeza pembeni kama pembe, ila sasa ni wiki ya sita na kichwa hakijashuka. Kile kitufe bado nakibonyeza mara nne kuzima.