En-ROADS: programu ya bure ya kufundishia uendelevu darasa la biashara

Wanafunzi wengi wa biashara huingia kwenye somo la uendelevu wakiamini mambo mawili: kwamba teknolojia mpya itamaliza tatizo, na kwamba kampuni ikishapanda miti imelipa deni lake. Mhadhara mtupu hauwatoi hapo. En-ROADS, programu inayoonyesha jinsi hatua mbalimbali zinavyobadilisha joto la dunia, huwatoa, mradi itumiwe kwa mpangilio.

Programu hii ilizinduliwa mwaka 2019 na shirika la Climate Interactive pamoja na MIT Sloan, shule ya biashara ya Marekani. Inafunguka kwenye kivinjari, hakuna cha kusakinisha. Juu zipo grafu mbili, chini vitelezi (vitufe vya kusogeza kushoto au kulia) vya makaa ya mawe, mafuta, nishati jadidifu, nyuklia, bei ya hewa ukaa (ada ya kila tani inayotolewa), miti na vinginevyo. Bila kugusa chochote, joto la dunia mwaka 2100 husomeka takriban nyuzi 3.3 za Selsiasi juu ya lile la kabla ya viwanda. Kazi ya darasa ni kushusha ongezeko hilo chini ya nyuzi 2.

Kinachoharibu kipindi ni kuwaachia wanafunzi wasogeze vitelezi ovyo. Kila matokeo yanaonekana ya kawaida na hakuna anayeshtuka. Kabla ya kusogeza, kila kundi liandike kwenye karatasi joto litashuka kwa kiasi gani, na kwa nini. Dakika tano zinatosha. Ndipo usogeze. Miti, hata ukiipandisha hadi mwisho, hupunguza sehemu ndogo tu ya nyuzi, maana huchukua miongo kukua na ardhi ina kikomo. Ruzuku ya nyuklia nayo hufanya kidogo: umeme wake huchukua pia nafasi ya jua na upepo, si ya makaa peke yake. Bei ya hewa ukaa ndiyo inayouma, kwa kuwa inagusa makaa, mafuta na gesi kwa pamoja. Hapo fungua grafu ya gharama ya nishati. Inapanda, na mwanafunzi wa fedha anauliza mwenyewe nani atalipa. Swali hilo lipewe nusu saa nzima.

Upo pia mchezo wa kuigiza, makundi yakiwa serikali, kampuni za mafuta, wakulima na wanaharakati. Tenga saa mbili hadi tatu. Muda ukibana, punguza hotuba za makundi, usiguse majadiliano ya mwisho. Misimamo hubadilikia hapo.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba inahesabu dunia nzima kwa pamoja. Mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret haoni nchi yake humo. Wanaotaka makundi ya nchi watumie C-ROADS, ya watengenezaji haohao. Hesabu za kampuni moja moja pia hazimo, kwa hiyo andaa mfano wako wa kiwanda au ghala.

Kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima. Kwenye simu grafu zinabanana. Kila kundi linakili kiungo cha mpango wake na kukiambatisha kwenye zoezi, nawe unaposahihisha unavikuta vitelezi vyote palepale walipoviacha.