Anza na Gita Kavu: Albamu Ninazowawekea Wateja Wangu Luanda

Nimekuwa fundi wa redio katika soko la Luanda, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, kwa miaka 26. Nikimaliza kufunga spika siijaribu kwa stesheni yenye makelele. Naijaribu kwa gita moja na sauti ya mtu mmoja, maana hapo kasoro haina mahali pa kujificha. Karatasi ya spika ikiwa imechanika, uzi mnene wa gita utakwaruza. Koili ikiwa inagusa sumaku, mwimbaji atasikika kama aliyejifunika blanketi. Kwa hiyo wateja wangu hukaa kwenye benchi wakisikiliza albamu nzima huku wakingoja redio zao, na juzi mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaniambia, "Fundi, niwekee hizi kwenye flashi. Lakini ni nyingi mno. Nianze na gani?"

Pale kibandani nilimjibu kwa ufupi, kwa sababu risasi ya kulehemu ilikuwa inapoa. Jibu refu ni hili.

Kwanza, achana na mikusanyiko ya nyimbo. Nilipokuwa nafungua kazi nilinunua Kisumu diski ya nyimbo ishirini "bora" kutoka kwa mchuuzi. Nusu yake zilikatwa kabla ya kwisha, na majina ya waimbaji yalikuwa yamechanganywa, nikakaa miaka mingi nikimsifu mtu kwa wimbo wa mwenzake. Hata mkusanyiko ulio halali una kasoro yake: unakupa vilele bila mabonde. Mwimbaji wa gita kavu, yaani gita lisilo la umeme, ni msimuliaji, na msimuliaji humsikilizi kwa vipande.

Pili, kwa kila mwimbaji tafuta ile albamu ambayo katika chumba cha kurekodia walikuwa watu wachache. Ijue sauti yake ikiwa peke yake, kisha ndiyo umsikie akiwa na bendi.

Tuanze nyumbani. Abana ba Nasery ni watu wetu wa Bunyore: Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola. Gita mbili na chupa ya Fanta. Nina chupa ya zamani ya namna hiyo hapa juu ya meza, ile yenye mistari shingoni na ubavuni, na mteja akitilia shaka huwa nachukua bisibisi nikakwaruza mistari juu na chini mbele yake. Inalia kavu, kama panzi kwenye nyasi. Ukiijua sauti hiyo hutaacha kuisikia nyuma ya gita. Wana albamu mbili zilizotolewa Uingereza. Anza na "Classic Acoustic Recordings from Western Kenya", ambayo imekusanya nyimbo walizorekodi wakiwa vijana. Ile ya baadaye, "Nursery Boys Go Ahead!", waliifanya pamoja na wanamuziki wa Uingereza, na ni karamu nzuri kweli. Lakini ukianza nayo masikio yatawafuata wageni, na chupa itakupita.

Kabla yao kulikuwa na George Mukabi wa eneo la Kisa, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Huyu hakuwahi kutoa albamu. Enzi zile mtu alitoa sahani ya santuri yenye nyimbo mbili, upande mmoja mmoja, dakika tatu tatu. "Furaha Wenye Gita", iliyotolewa mwaka 2017, imeziokota sahani hizo na kuzipanga pamoja, na huu, kama ule wa Abana ba Nasery, ni mkusanyiko ninaoutetea, kwa sababu bila huo hakuna kitu. Sikiliza kidole gumba chake. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene bila kupumzika, kidole cha shahada kinaimba juu, na masikio yanaapa kuwa wapigaji ni wawili. Mtindo huo unaitwa omutibo. Naye Mukabi aliimba Kiswahili, Kiswahili cha huku kwetu, kwa hiyo maneno hayatakupa shida. Mwalimu nilimwambia aanze na huyu kabla ya wote, na bado nasimamia hapo. Mikwaruzo ya sahani isikutishe. Si spika yako mbovu, ni umri.

Sasa Ayub Ogada. Wengi wanaujua wimbo mmoja, ule wa mvua inakuja, turudisheni ng'ombe nyumbani, ambao ulisikika kwenye filamu ya "The Constant Gardener" mwaka 2005. Aliuimba miaka ya 1970 na bendi ya Black Savage, alipokuwa akijulikana kama Job Seda. Baadaye alienda London, akapiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, na mwaka 1993 akatoa albamu ya "En Mana Kuoyo" chini ya kampuni ya muziki ya Real World. Hiyo ndiyo ya kuanzia, na usiruke kwenda kwenye wimbo wa mvua. Umewekwa karibu na mwisho, na ndivyo unavyofaa kusikika: umeshakaa na nyuzi nane za nyatiti kwa zaidi ya nusu saa, umeshazoea namna anavyoimba bila kuinua sauti, halafu mvua inafika. Nina mteja, mama anayeuza omena pale stendi, ambaye huniomba nisizime redio mpaka albamu iishe hata kama kazi yake imekamilika. Ogada alifariki mwaka 2019, Nyahera, juu ya Kisumu. "Kodhi" ya mwaka 2015, aliyoifanya na mpiga gita Trevor Warren, ije ya pili. Ni nzuri, ila ni ya mtu aliyekwisha kujulikana.

Suzanna Owiyo wa Nyakach: anza na "My Roots". Sauti yake iko mbele na vyombo vinampisha.

Geoffrey Oryema wa Uganda anastahili maneno zaidi. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa waziri, akauawa mwaka 1977 siku za Idi Amin, pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum. Kijana alivushwa mpaka kuingia Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti ya gari, kisha akaenda Ufaransa. Albamu yake ya kwanza, "Exile", ilitoka mwaka 1990 ikiwa imetayarishwa na Brian Eno. Kiacholi na Kijaluo ni ndugu, na nimewaona Wajaluo wakisimama hapa kibandani ghafla wakisema, "Neno hilo nalijua!" Malori ya kwenda Uganda yanapita mita chache kutoka meza yangu usiku na mchana, na kila nikiiweka albamu hii nafikiria buti ile. Za baadaye zina vyombo vingi zaidi. "Exile" pekee yatosha kwa mwezi mzima.

Kwa wale wa ng'ambo nitakwenda haraka, isipokuwa kwa mmoja.

Tracy Chapman: albamu ya kwanza, ya mwaka 1988, yenye jina lake. Kuna wimbo mmoja humo anaimba bila chombo chochote, na ndio ninaoutumia kupima spika ya sauti za kati. Joni Mitchell: "Blue", ya mwaka 1971. Polio ya utotoni ilimdhoofisha mkono wa kushoto, akafunga nyuzi za gita kwa namna zake mwenyewe ili vidole visihangaike. Katika albamu hii pia anapiga dulcimer, chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani. Mtu aliyekulia karibu na nyatiti ataelewa mara moja.

Nick Drake ndiye aliyevunja kanuni yangu. "Pink Moon", ya mwaka 1972, ni yeye na gita lake, na piano kidogo kwenye wimbo mmoja, basi. Aliirekodi kwa usiku mbili, na haifiki hata nusu saa. Kwa kanuni yangu ndiyo ya kuanzia, na mimi nilianza nayo, wiki ile tuliyomzika kaka yangu. Sikuigusa tena kwa mwaka mzima. Ni albamu ya mtu aliye mbali sana na watu, na mgeni hana njia ya kumfikia. Mpaka nilipopata "Five Leaves Left" ya mwaka 1969, yenye fidla na selo zilizokaa nyuma ya gita kwa adabu, ndipo nikamjua kijana mwenyewe: ana haya, ana vidole vya ajabu, bado anatumaini kidogo. Baada ya hapo "Pink Moon" ikafunguka. Kwake yeye tu, anza na ile yenye watu.

Jambo la mwisho ni la ufundi. Redio hizi ndogo za flashi nyingi hazipangi nyimbo kwa majina wala namba. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliingizwa. Ukinakili albamu yote kwa mkupuo, wimbo wa tisa unaweza kucheza wa kwanza, na mvua ya Ogada ikanyesha kabla ya mawingu. Futa flashi, kisha ingiza nyimbo moja baada ya nyingine, kwa zamu yake. Na kile kitufe cha besi, kizime. Gumba la Mukabi halihitaji msaada.

Ya mwalimu niliingiza hivyo, wimbo mmoja mmoja, albamu tano, karibu saa nzima. Alirudi Jumamosi iliyofuata, si kwa redio. Alitaka kushika ile chupa.