Mjomba Mordin na madume wasio na baba: Mass Effect kwa jicho la mfuga nyuki

Niseme mapema, mimi si mtu wa gemu. Nina mizinga porini huku Sikonge, umri umeshavuka hamsini, na vidole vyangu vimezoea bomba la moshi kuliko pedi ya PlayStation. Mass Effect Legendary Edition ililetwa nyumbani na mtoto wa kaka yangu, aliyekuja likizo na PS4 yake imeviringishwa kwenye kanga ya mama yake. Ni gemu tatu ndani ya moja: za 2007, 2010 na 2012, zikasafishwa na kutolewa upya Mei 2021 na BioWare, watu wa Kanada.

Siku ya tatu mvua ilikuwa imetufungia ndani. Mimi nachambua masega, yeye anapiga risasi. Akasimamisha gemu asome kitabu chake cha ndani kinachoitwa Codex, mara akaguna: "Shangazi, hawa jamaa yai lisilorutubishwa linatoa dume. Lililorutubishwa ndiyo linatoa jike. Nani kaota hiki kitu?"

Nikaacha masega. Hakuna aliyeota. Hao ni nyuki.

Jamaa wenyewe wanaitwa salarian, viumbe wa sayari nyingine ndani ya gemu hii ya anga za mbali. Wanatembea kwa miguu miwili, wembamba kama fito, vichwa virefu vyenye pembe mbili, ngozi ya jamii ya chura ila damu yao ina joto. Wanafikiri haraka, wanaongea haraka, wanalala saa moja tu kwa siku, na wachache sana hupita miaka 40. Kwa mwaka jike hutaga mara moja, makumi ya mayai, na sheria za ukoo zinazuia mengi yasirutubishwe. Matokeo yake, asilimia 90 ya salarian wote ni madume.

Hapo ndipo nilipoanza kubishana na televisheni. Malkia wa nyuki anabeba mbegu za madume kwenye kifuko tumboni tangu aliporuka kupandwa. Akifika kwenye tundu la sega analipima kwa miguu ya mbele: likiwa dogo anarutubisha yai, anatoka kibarua jike, likiwa pana analiacha yai kavu, anatoka dume. Mfugaji anayatambua matundu ya madume bila kuyafungua, vifuniko vyake vimetuna. Yakiwa machache, sina wasiwasi. Lakini nikifungua mzinga nikakuta vifuniko vilivyotuna vimejaa hadi kwenye matundu madogo ya vibarua, najua mbegu za malkia zimekwisha, au amekufa na vibarua wameanza kutaga wenyewe. Mzinga wenye madume tisa kwa kila kumi ni mzinga unaokufa. Dume hatafuti chakula, hajengi, hana hata mwiba. Kiangazi kikikaza vibarua wanamburuta nje.

Kwa hiyo nyota moja nimeikata hapo. Waandishi wamechukua yai la nyuki wakasahau kazi za mzinga. Salarian dume ndiye askari, ndiye daktari, ndiye jasusi. Majike wamekaa nyumbani wakiendesha siasa, na ni hadi gemu ya tatu ndipo tunakutana uso kwa uso na mkuu wa ukoo, Dalatrass, na mwenyewe anaongea kama mtu aliyekaliwa na siafu. Nilitaka kumwona huyo mama mapema zaidi! Maana ukitafakari, uhaba wa mabinti si ugonjwa kwao, ni mtaji. Anayeamua yai gani lirutubishwe ndiye anayetawala.

Lakini kuna sehemu wamenipiga bao. Codex inasema mayai yanapoanguliwa, Dalatrass anajifungia nayo peke yake ili watoto wamshike akilini na wamtii maisha yao yote. Ila wakianguliwa mabinti, wakuu wa koo zote mbili wanakuwepo, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Kijana akauliza kwa nini iwe kwa mabinti tu. Kwa sababu dume hana upande wa baba, mwanangu! Katoka kwenye yai kavu, wote ni wa kwa mama. Aliyeandika mstari ule alikaa chini akaifuata hesabu hadi mwisho, na gemu haijisifu popote kwa hilo. Kwa mstari ule nyota niliyoikata nikairudisha nusu.

Sasa Mordin Solus. Huyu anaingia gemu ya pili, daktari kwenye zahanati ya mtaa mmoja mbaya wenye tauni, kule Omega, kituo cha angani. Pembe yake moja imekatika. Nilimwambia kijana asimamishe amsogeze karibu, nikamtazama macho: anapepesa kutoka chini kwenda juu. Anaongea kwa vipande, anavuta pumzi katikati ya neno kana kwamba muda unamdai. Na kweli unamdai, kwa miaka arobaini ya kuishi. Ndiye aliyeshiriki kuiboresha dawa waliyopigwa krogan, jamii nyingine ya viumbe kwenye gemu, ile ya kufanya mimba moja tu kati ya elfu izae kilicho hai, na sura yake ikifika kwenye habari hiyo inabadilika. Mambo ya krogan sitayagusa, mkunga mmoja aandike. Mordin anamtaja pia mpwa wake kipenzi: ana miaka kumi na sita na tayari ana ajira ya kudumu chuo kikuu.

Kijana alicheka. Mimi nilinyamaza, nikapiga hesabu kwenye vidole. Dume wa salarian hawezi kuzaa mtoto wa kiume, yai lenye mbegu yake daima litatoa jike. Kaka zake nao hivyo hivyo. Basi huyo mpwa hana mlango mwingine wa kuingilia duniani isipokuwa kwa dada yake Mordin. Ni mpwa kwa maana ile ya wazee wetu, mtoto wa dada, na Mordin ni mjomba kamili. Katika kizazi kinachomfuata hakuna mtoto wa kiume wa damu aliye karibu naye kuliko huyo. Gemu haielezi chochote, inaiacha sentensi ipite. Nimekaa nayo siku mbili nikiwa porini.

Ya upande wa bidhaa: CD yetu ilinunuliwa mkononi, elfu hamsini, kwenye duka moja mjini nisilolitaja, na ilikuwa na mkwaruzo waliokataa kuubadilishia. Iligoma mara mbili kabla ya kukubali. Kiswahili hakimo, na baadhi tu ya kurasa za Codex zina sauti ya msimulizi, nyingine ni maandishi madogo mno kwa macho yangu. Gari la gemu ya kwanza linarukaruka kama mbuzi. Mapigano kwangu ni kelele, ila kijana anasema ya gemu ya pili ni matamu.

Kwa hayo ya bidhaa nyota nyingine moja imeondoka, zimebaki tatu na nusu kati ya tano. Likizo imeisha, PS imerudi Dodoma kwenye kanga ile ile. Hatukumaliza gemu ya tatu, na nimemkataza asiguse mpaka arudi Juni tukirina asali, kwa sababu nataka niwepo Mordin akifika Tuchanka, sayari ya krogan. Amenijibu kwa ujumbe: "Sawa shangazi, ila ujiandae." Sijampigia kumuuliza nijiandae na nini.