Nyota nne kwa mafundi wa sumaku ya MRI waliotufuata Dodoma (ya tano wameipoteza njiani)

Wakuu wa vifaa tiba na nyie mnaosimamia hospitali huku kanda ya kati, naandika hii rivyu kwa sababu watu wengi wananiuliza ni kina nani walitushughulikia ile sumaku ya MRI, yaani mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, na kama wanafaa kupewa mkataba. Jina siweki hadharani, wala la ile kampuni ya kwanza iliyotaka kutupiga, ila huduma nitaieleza yote, tamu na chungu. Kwa kifupi kazi wanaijua vizuri sana, tatizo lao ni muda na makaratasi.

Kwa wasiojua hii mashine ikoje ndani. Yetu ni ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), kile kizazi cha tanki kubwa, ndani kuna heliamu ya kimiminika zaidi ya lita 1,000 na sumaku imezama humo kwenye karibu hasi 269 sentigredi. Waya wake ni mchanganyiko wa niobi na titani, ukiwa baridi kiasi hicho ukinzani unakuwa sifuri kabisa, ukishaupa umeme mara moja unaendelea kuzunguka wenyewe miaka na miaka bila kuchomekwa popote. Kwa hiyo umeme wa jengo ukikatika sumaku haizimi, bado inavuta vilevile, na mlinzi anayeingia gizani na tochi ya chuma akidhani kila kitu kimelala anatafuta balaa. Kinachoizima ni kukosa ubaridi. Juu ya tanki kuna koldihedi, yaani kichwa cha kupozea, ndio ile inayogonga mdundo wake kama mara moja kwa sekunde, kazi yake kuikamata heliamu iliyoanza kuwa mvuke na kuirudisha kuwa kimiminika. Koldihedi inaendeshwa na kompresa iliyoko chumba cha pembeni, kompresa inapozwa na maji ya chila, ule mtambo wa kupoza maji ulioko nje juani, na chila inategemea umeme. Ukiushika huo mnyororo utaelewa kwa nini nawasifia hawa watu.

Sasa mwezi wa kumi, mnajua Dodoma ya mwezi wa kumi ilivyo, jua kali vumbi jekundu na upepo haupumziki, tukaanza kuona presha ya tanki inapanda. Mchana kompresa inajizima kwa alamu ya joto, mdundo unakata, usiku ukiiwasha inakaa mpaka asubuhi vizuri tu. Tukawapigia kampuni ya kwanza ambao ndio walikuwa wanakuja zamani. Jamaa kusikia tu "presha imepanda" akasema koldihedi imekufa, andaeni hela, tunaleta mpya pamoja na heliamu ya kujazia, na proforma, yaani ankara ya makadirio, ikatumwa jioni ileile. Hakuuliza swali hata moja. Hata picha ya geji hakuomba! Mimi fundi maiko wa pikipiki namvumilia, ila wa kitu cha bei hii hapana.

Hawa wa pili alipokea dada mmoja injinia, akaanza na maswali mpaka nikaona ananichosha. Kaunta ya kompresa inasoma masaa mangapi, presha ya heliamu kwenye kompresa ikiwa imezimwa ni ngapi na ikiwa inakimbia ni ngapi, maji yanaingia na joto gani na kutoka na joto gani, yanapita lita ngapi kwa dakika, inajizima saa ngapi. Nikampa. Akasema, "Kaka, kitu kinachozima mchana na kupona usiku usiniletee habari ya koldihedi kwanza, nenda kaangalie chila." Yaani kwa simu tu, bila kuomba hata senti.

Walipofika hawakuingia chumba cha sumaku. Wakaanzia nje. Zile mbavu za chila, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, zimejaa vumbi limegandamana na manyoya ya kuku na nailoni, hewa haipiti. Wakazisafisha kwa maji ya kawaida na brashi laini, wakitokea ndani kuelekea nje, sio kupiga na mashine ya kuoshea magari maana ile inalaza mbavu zote unakuwa umeua kabisa. Alafu akanieleza kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kunieleza, kwamba Dodoma tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo feni ileile inaondoa joto pungufu kuliko ikiwa pwani. Chila iliyochaguliwa kwa hesabu za pwani ikija huku inakuwa haina akiba, ikipata vumbi kidogo tu imeshindwa. Nyie mnaonunua mashine za kuleta huku kwetu au Singida andikeni mwinuko wa eneo kwenye zabuni, msiachie muuzaji akisie.

Kingine ni maji. Ule mzunguko unatakiwa maji safi yaliyotibiwa pamoja na glaikoli, ile dawa ya kuzuia maji yasigande, lakini kuna mtu aliwahi kuongezea ya bomba, na maji ya visima vingi vya huku mnayajua, chumvi na chokaa tupu, sufuria zenu zinajua. Filta ilikuwa imeziba nusu. Wakamwaga yote, wakasafisha, wakajaza upya, mtiririko ukarudi kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha kompresa.

Nilidhani wamemaliza, kumbe bado. Dada akaomba tuzime umeme wa gridi twende kwenye jenereta. Tukaenda. Pampu ya chila ikawa inaunguruma kama kawaida lakini geji ya maji imelala. Waya za jenereta, fezi mbili zilikuwa zimebadilishana tangu ilipofanyiwa sevisi, kwa hiyo tukiwa kwenye jenereta pampu inazunguka kinyume, maji hayaendi, kompresa inachemka na kuzima, umeme ukirudi kila kitu kinaonekana kizima na wewe unabaki unalaumu sumaku. Kipimo cha kuona mpangilio wa fezi ni kidude kidogo sana cha bei ndogo, yule jamaa wa kwanza miaka yote hajawahi kukitoa kwenye begi. Hapo ndipo nikasema hawa wanalipwa wanachostahili.

Kuna ripoti ya zamani kwenye faili letu inasema tanki limeshuka chini ya presha ya hewa, hatari, lijazwe haraka. Dada alivyoisoma akacheka. Geji yetu inasoma presha kamili kuanzia sifuri ya ombwe, na ripoti imeandika 13.5 psi (psi ni kipimo cha presha). Aliyeandika alilinganisha na 14.7 ambayo ni ya usawa wa bahari. Hapa Dodoma hewa ya nje yenyewe ni kama 12.9 tu, kwa hiyo tanki lilikuwa juu ya hewa ya nje kama inavyotakiwa. Tulilipia heliamu kwa hesabu ya Dar es Salaam! Na sio kwamba kushuka ni jambo dogo, tanki likishuka kweli chini ya hewa ya nje na pakawa na upenyo, hewa inavutwa ndani na kwa ubaridi ule inaganda papo hapo, shingo ya tanki inaziba na barafu na mvuke unakosa pa kutokea, hapo mnazungumzia kitu kinachoweza kupasuka. Ndio maana mle ndani kuna hita ndogo ya kuzuia presha isishuke sana, na ndio maana kusoma geji ni lazima mtu ajue yuko wapi duniani.

Baada ya chila kupona presha ilitulia ila haikurudi yote, koldihedi yetu kweli imekula masaa mengi. Hapo pia walinifurahisha kwa kusema wazi kwamba imezeeka lakini inaweza kusubiri bajeti ipite, sio leo leo. Tulipokuja kuibadilisha walifanya kwa utaratibu, mlango wazi muda wote, kipimo cha oksijeni kimevaliwa shingoni, hakuna mtu kubaki peke yake ndani, heliamu ya gesi ya usafi wa asilimia 99.999 kwa kusafishia laini kabla ya kufunga. Na adsoba ya kompresa wakabadilisha hapohapo, ile inayokamata mvuke wa oili, maana ikichoka oili inasafiri mpaka kwenye koldihedi mpya na unarudi ulikotoka. Radiografa wetu alikuwa na hofu kama mama mkwe yuko jikoni, lakini sumaku haikutetereka.

Kitu ambacho hatukuwaomba wakafanya ni kupanda juu ya paa kuangalia mdomo wa bomba la kwenchi. Kwenchi ni pale sehemu ya waya inapopata joto, ukinzani unarudi, nguvu yote ya sumaku inageuka joto na heliamu inachemka kwa mkupuo. Lita 1 ya kimiminika inatoa karibu lita 750 za gesi, zidisha kwa tanki letu uone. Bomba likiwa zima gesi yote inatoka nje na wingu jeupe, likiwa limeziba inamwagika chumbani, inasukuma oksijeni, na mlango unaofungukia ndani haufunguki kwa presha. Kwenye mdomo wa letu nyuki walikuwa wameshaanza kujenga. Tukamwita mrina asali kutoka kijijini akawahamisha jioni, wavu ukarekebishwa. Mkiwa na MRI pandeni paani wiki hii, naomba. Na kile kitufe chekundu cha kushusha sumaku ni cha mtu aliyebanwa na chuma, sio cha kujaribia.

Sasa nyota ya tano ilipotelea wapi.

Heliamu. Walisema tanki la kubebea litatoka Dar siku fulani, halikutoka. Likakaa yadi, alafu likakwama njiani, na ile kitu kila siku ikikaa inapungua yenyewe hata kama hujafungua. Lazima isafiri imesimama, kwa gari la wazi, huwezi kuirusha tu kwenye buti, na ofisa manunuzi wetu aliyependekeza tuipakie SGR nilimwacha tu asinipotezee muda. Ilipofika invoisi ikasoma lita zilizojazwa Dar, sio zilizoingia kwenye sumaku yetu, na wakati wa kuhamisha nyingine inapotea kwa kupoza mrija. Tulibishana sana. Mwisho walikubali kupunguza, ila mteja mpole angelipa yote. Inauma zaidi ukikumbuka watafiti wa Oxford na Durham walitangaza heliamu nyingi Rukwa mwaka 2016, huku sisi hospitali bado tunasubiri meli. Najua, gesi ya ardhini mpaka isafishwe na kupozwa iwe kimiminika ni kiwanda kizima, lakini inauma.

Makaratasi nayo. Ripoti ilikuja na jina la hospitali nyingine juu! Namba za presha ni zetu, jina sio letu, na mkaguzi wa ndani alinisumbua nalo mpaka nikachoka. Watu wanaojua kazi namna hii wanashindwaje kusoma ukurasa wa kwanza kabla ya kutuma sijui.

Kuna walioniuliza kama si bora kununua zile mpya zilizofungwa moja kwa moja, kama ya Philips ya mwaka 2018 yenye lita 7 tu za heliamu na haihitaji bomba la kwenchi. Nazipenda, shida ya kusubiri heliamu barabarani inaisha. Ila tanki kubwa likikosa ubaridi linakupa nafasi ya kutafuta fundi kwa utulivu, lita 7 hazikupi nafasi hiyo. Kama jenereta yako inawaka kwa kusukumwa na chila yako haijaoshwa tangu ifungwe, usinunue kwanza.

Mkataba wa mwaka bado hatujasaini. Tumeomba waandike mambo matatu, chila kuoshwa kabla ya Septemba kila mwaka, heliamu kulipwa kwa tofauti ya kiwango kabla na baada ya kujaza, na muda wa kufika wakati wa masika barabara ikisumbua. Mawili wamekubali, la masika wanazungushazunguka. Wakisaini nakuja hapa kuongeza nyota.